“Nimetuma, hajapata”: kutafuta kosa kwenye simu ya mstaafu

Mstaafu akikuita umsaidie, mara nyingi atakuambia neno moja: “Imeharibika.” Ukiitazama simu yenyewe, inawaka, inapiga, inapokea. Kilichokwama ni hatua moja tu katika safari ya ujumbe, kuanzia unapoandikwa hadi unaposomwa, na hujui bado ni ipi. Kwa hiyo usianze kubonyeza. Muulize alitaka kumwandikia nani, na kioo kilimwonyesha nini. Kisha mwombe arudie alichokuwa akifanya, simu ikiwa mkononi mwake, wewe ukitazama vidole.

Wengi wetu, nami nimo, hunyakua simu, tukairekebisha kwa sekunde kumi na kuondoka. Wiki inayofuata tunaitwa kwa jambo lilelile, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye namna mzee anavyogusa kioo, na hilo hatukuliona hata mara moja.

Yapo manne ya kuangalia kabla ya kitu kingine chochote: alama ya ndege juu ya kioo (ikiwapo, mawasiliano yamezimwa), salio au bando, alama ya mtandao, na kuizima simu kisha kuiwasha. Ukishayamaliza hayo na tatizo bado lipo, tafuta hapa chini lalamiko linalofanana na la mzee wako.

“Nimetuma, hajapata” (meseji ya kawaida)

Swali la kwanza ni hili: haiendi kwa mtu mmoja, au haiendi kwa yeyote?

Ikiwa ni mtu mmoja, mara nyingi kosa liko kwenye namba. Fungua jina lake uisome tarakimu kwa tarakimu. Pengine mwenyewe alibadilisha laini na mzee bado ana ile ya zamani. Pengine yuko nchi nyingine na namba imehifadhiwa bila alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi. Pengine jina limehifadhiwa mara tatu, na mzee hugusa lile la juu kila siku, ambalo ndilo bovu. Bakiza lile zuri, futa yale mawili mengine, lakini muulize kwanza.

Kuna pia meseji zisizojibika. Zikija kwa jina la taasisi badala ya namba, hakuna njia ya kuzijibu, na simu itaonyesha kosa kila ukijaribu. Mjomba wangu alikuwa akiwashukuru kwa adabu watu waliomtumia taarifa ya salio, akaona ajabu kwamba shukrani zake hazipokelewi.

Ikiwa haiendi kwa yeyote, ilhali kupiga anapiga, angalia mambo mawili. La kwanza ni laini mbili. Simu nyingi hubeba laini mbili, na sehemu ya meseji ina kitufe kidogo cha kuchagua itakayotumika. Kidole kikikigusa kwa bahati mbaya, meseji zinaanza kutoka kwenye laini isiyo na salio. Au zinatoka vizuri, lakini anayepokea anaona namba asiyoijua na kuipuuza. Hapo mzee atakuambia ametelekezwa, kumbe hajatambuliwa tu. La pili ni namba ya kituo cha meseji, ambayo hukaa kwenye laini na ndiyo njia meseji zote hupitia. Ikifutika au ikikosewa, simu za kupiga zinaendelea kama kawaida lakini meseji zote zinagoma. Mpigie mtoa huduma, atakutumia au atakuelekeza namna ya kuirudisha. Usibahatishe tarakimu hizo.

Halafu kuna meseji inayokaa kwenye “inatuma” bila kumaliza. Huenda imegeuka kuwa meseji ya picha bila mwandishi kujua. Ukiambatisha picha, ukituma kwa kundi, au ukiandika ndefu mno, simu nyingi huibadilisha kuwa ya aina hiyo, nayo huhitaji data kuwashwa. Meseji ya maandishi matupu haihitaji intaneti kabisa. Ndiyo maana mzee aliyezima data anatuma salamu vizuri na kukwama siku anapotuma picha ya mjukuu.

“Meseji moja imenikata salio la tatu”

Hili huonekana kama malalamiko ya uzee, na mara nyingi mzee ana haki. Meseji moja hubeba baiti 140 (baiti ni kipimo cha nafasi). Kwa herufi za kawaida za simu, nafasi hiyo inatosha herufi 160. Ukiingiza alama moja tu iliyo nje ya orodha ya herufi hizo za kawaida, kwa mfano kikatuni cha uso unaocheka, meseji nzima hupangwa upya kwa mfumo unaokula nafasi zaidi, na ukomo unashuka hadi herufi 70. Ikizidi hapo inavunjwa vipande vya herufi 67 kila kimoja.

Sasa angalia jinsi Kiswahili kinavyoingia mtegoni. Tunaandika “ng'ombe”, “ng'ambo”, “kung'aa”. Alama hiyo inayofuata “ng” ikiwa imenyooka, haina shida. Baadhi ya vibodi, au maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye barua pepe, huleta ile iliyopinda, nayo haimo kwenye orodha ya herufi za kawaida. Basi meseji ya herufi 150, ambayo ingekwenda moja, inakwenda tatu kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Kama anatozwa kwa meseji, mwonyeshe namba ndogo inayojitokeza karibu na kitufe cha kutuma, ile inayohesabu herufi zilizobaki. Ikishuka ghafla, kuna alama imeingia.

“Hakuna anayeniandikia”

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo lalamiko linaloumiza, na sababu zake ni nyingi.

Anza kwa kumuuliza aliyetuma alitumia nini. Neno “meseji” kwetu lina maana kama nne: ya kawaida, ya WhatsApp, ya Facebook, hata barua pepe. Mtoto anasema “nilikutumia meseji”, baba anafungua sehemu ya meseji za kawaida, hakuna kitu, na wote wawili wanasema kweli. Ukikuta hili, kubalianeni kama familia mahali pamoja pa kumwandikia mzee, na alama ya mahali hapo iwe kwenye ukurasa wa kwanza wa simu yake, peke yake kwenye mstari.

Ikiwa meseji zinaingia lakini mzee hazioni kwa wakati, shuku mlio. Masikio yakizeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na milio mingi ya simu ni midogo, myembamba na mifupi. Kuongeza sauti hakusaidii sana. Chagua mlio mzito na mrefu, washa na mtetemo. Kisha kaa chumba kingine umtumie meseji uone kama ameisikia. Angalia pia alama ya mwezi mchanga au ya kizuizi juu ya kioo: ni ile hali ya “Usinisumbue”, inayowashwa kirahisi kwa kidole kilichoteleza kutoka juu.

Ikiwa meseji ziliingia kisha zikatoweka, tazama vidole vyake vikiperuzi. Kwenye programu nyingi za meseji na za barua pepe, ukivuta mstari kwenda pembeni unaupeleka kwenye kumbukumbu, yaani sehemu ya zilizowekwa kando. Mwenye mkono unaotetemeka anadhani anashusha ukurasa, kumbe anazificha barua moja moja. Hazijafutwa. Tafuta sehemu ya kumbukumbu kwenye menyu, utazikuta zimelala huko. Mjomba niliyemtaja alilalamika miezi mingi kwamba ndugu wamemsahau. Tulipofungua kumbukumbu tulikuta salamu za ukoo mzima, nyingine ni za watu aliokwisha kuwanunia. Ukishazirudisha, ingia kwenye mipangilio ya programu, tafuta vitendo vya kutelezesha kidole, uvizime pande zote mbili. Hakuna mstaafu aliyewahi kunilalamikia kwamba amevikosa.

Kitu cha karibu na hicho ni kuzuia. Arifa inatokea, mzee anataka iondoke, anagusa neno lililo karibu, na neno hilo ni “Zuia”. Fungua orodha ya waliozuiwa. Usicheke ukikuta jina lako.

Kwenye simu ndogo za vitufe, meseji huweza kuhifadhiwa kwenye laini yenyewe, na nafasi yake ni ya meseji chache. Ikijaa, hakuna mpya inayoingia, na alama ya bahasha huwakawaka juu ya kioo. Dawa ni kufuta za zamani na kuielekeza simu ihifadhi kwenye kumbukumbu yake badala ya laini.

Na kama mzee aliacha simu ya iPhone akahamia nyingine: namba yake ikiwa bado imesajiliwa kwenye iMessage, huduma ya Apple ya meseji za intaneti, wenye iPhone wanaomwandikia hutuma kwa njia hiyo, na simu mpya ya Android haioni kitu. Wengine wote wanampata, wenye iPhone tu ndio hawampati. Dalili hiyo haina sababu nyingine ya haraka. Izime iMessage kwenye simu ya zamani kabla ya kuitoa laini. Kama simu ile haipo tena, Apple wana ukurasa wa kuondoa namba kwa kutumiwa msimbo.

“Nywila yangu wanaikataa”

Kwanza hakikisha mnazungumzia nywila moja. Mstaafu mmoja anaweza kuwa na namba ya kufungua kioo, namba ya siri ya laini, nywila ya barua pepe na namba ya siri ya pesa, na akiulizwa “nywila” huandika ile anayoipenda zaidi. Kosea namba ya siri ya laini mara 3 na laini inajifunga hadi upate msimbo wa PUK, ule wa kuifungua unaotolewa na mtoa huduma. Kosea PUK mara 10 na laini hiyo imekufa. Kwa hiyo kioo kikiomba namba, kisome kinaomba ya nini kabla hamjajaribu.

Ikiwa ni ya barua pepe kweli, gusa alama ya jicho ili maandishi yaonekane. Mara nyingi kibodi imeanza na herufi kubwa bila kuombwa. Kwenye anwani ya barua pepe, herufi kubwa kwa kawaida haina madhara. Kwenye nywila inaharibu kila kitu. Angalia pia nafasi tupu mwishoni: simu ikikamilisha neno yenyewe huongeza nafasi, nayo haionekani. Msijaribu mara kumi mfululizo, kwa kuwa huduma nyingi hufunga akaunti kwa muda, na mtaanza kutafuta kosa jipya juu ya la zamani.

Zikishindikana hizo, mnarudi kwenye kurejesha akaunti, na hapo ndipo utakapojua nani aliifungua. Mara nyingi ni mjukuu, kwa haraka, kwa namba yake mwenyewe. Msimbo unatumwa kwenye simu ya mjukuu ambaye sasa ana laini nyingine. Ukifanikiwa kuingia siku hiyo, jambo la kwanza kabla hata ya kusoma barua ni kuweka namba ya mzee mwenyewe na anwani ya pili ya mtu anayemwamini.

Kisha kuna lile la wastaafu hasa: anwani ya kazini. Kwa miaka ishirini alitumia barua pepe ya ofisi kwa kila kitu, kuanzia benki na pensheni hadi vyama na shule za watoto. Siku ya kustaafu wakamuaga vizuri, na baada ya muda anwani ikafungwa. Tangu hapo misimbo na taarifa zote zinakwenda kwenye kikasha asichoweza kukifungua, naye anadhani mfuko wa pensheni umemsahau. Hakuna mpangilio wa simu utakaoponya hili. Kaeni na karatasi, orodhesheni kila mahali alipowahi kutoa anwani ile, mkabadilishe pamoja, pengine kwa kwenda wenyewe na kitambulisho. Kama bado yuko kazini, fanyeni miezi michache kabla, wakati kikasha cha ofisi bado kinafunguka na msimbo wa uthibitisho unaweza kupokelewa.

Kuhusu kuandika nywila kwenye daftari: wataalamu wengine watakunja uso, lakini mimi huwaambia waandike. Daftari lililo ndani ya kabati lake ni salama kuliko nywila dhaifu anayoikumbuka, au nywila ngumu inayobadilishwa kila mwezi. Namba ya siri ya pesa peke yake ndiyo isiandikwe humo.

Na akaunti isiyoguswa haidumu. Google, kwa mfano, inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2. Kama mzee hupenda simu zaidi kuliko barua pepe, mkumbushe aifungue hata kwa kusoma tu.

“Barua pepe yangu haikufika”

Fungua sehemu ya zilizotumwa. Haimo? Angalia rasimu. Wengi huandika barua nzuri, wakagusa mshale wa kurudi nyuma wakidhani ndio wa kutuma. Mwonyeshe alama ya kutuma, ile inayofanana na ndege ya karatasi, na umwache atume mwenyewe mara tatu.

Imo kwenye zilizotumwa lakini haikufika? Tafuta jibu la Kiingereza kutoka kwa “Mailer-Daemon”, yaani mashine inayorudisha taarifa za barua zilizoshindikana. Wazee hulifuta upesi kwa kudhani ni ulaghai, na kwa kweli jina lenyewe halivutii. Hiyo ndiyo barua inayosema kosa liko wapi: anwani haipo, au kikasha cha mpokeaji kimejaa. Anwani ikiwa haipo, tafuta mkato mahali pa nukta, “.con” badala ya “.com”, au sifuri mahali pa herufi o. Tatizo baya zaidi ni kwamba simu hukumbuka anwani mbovu na kuipendekeza tena kesho. Ifute kwenye mapendekezo, vinginevyo utarudi.

Kama iliyokwama ni barua yenye picha au video, pima uzito. Gmail hukubali viambatisho hadi MB 25 kwa barua moja, na video ya dakika chache inaupita ukomo huo kwa urahisi.

Barua za wengine hazimfikii mzee? Huenda kikasha chake kimejaa. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15, na inagawanywa kati ya barua, mafaili na picha. Mzee hufuta barua kwa bidii siku nzima na nafasi haiongezeki, kwa kuwa kinachoila ni video alizorekodi na simu ikazipakia yenyewe. Anza huko. Tazama pia folda ya barua taka (Spam): barua halali huangukia humo, na Gmail huzifuta zikimaliza siku 30.

Moja dogo: kama amewahi kumjibu kila mtu kwenye orodha alipokusudia kumjibu mmoja, ingia kwenye mipangilio ya Gmail kwa kompyuta, urefushe muda wa kutendua barua hadi sekunde 30, ambao ndio wa mwisho. Muda unaowekwa tangu mwanzo ni mfupi mno kwa mtu anayesoma polepole.

“Kioo hakinitaki”

Kioo cha kugusa huhisi kidole kwa sababu ngozi hupitisha umeme mdogo, na ngozi ya kidole ikikauka kwa umri, mguso huo hudhoofika. Kidole kilichopakwa losheni kidogo au kalamu ya kioo hutatua zaidi ya simu mpya. Ikiwa menyu hujitokeza bila kuitwa, mzee anabonyeza kwa muda mrefu mno. Ongeza muda wa “gusa na ushikilie” kwenye mipangilio ya ufikivu. Ikiwa herufi zinajiandika zenyewe, tazama kidole gumba cha mkono ulioshika simu, kinagusa ukingo. Ikiwa kioo kinazimika kabla hajamaliza sentensi, huenda muda wake ni sekunde 30 tu. Uweke dakika 5 au 10. Maandishi madogo yana mpangilio wake, na hilo unalijua.

Kuandika kukiwa kazi kweli, mwonyeshe alama ya maikrofoni kwenye kibodi. Vibodi kadhaa husikiliza Kiswahili, ila asome kabla ya kutuma, maana hukosea majina ya watu kwa namna za kuaibisha.

“Wameniomba namba niliyotumiwa”

Acha yote mengine. Msimbo unaotumwa kwa meseji hautajwi kwa yeyote, hata kwa anayejiita mtoa huduma. Jina la mtumaji linaweza kughushiwa, na meseji ya tapeli ikaingia kwenye mazungumzo yaleyale ambamo benki huandika, kwa hiyo “lakini ni benki yangu” si uthibitisho.

Kama ameshautaja: piga simu benki au kwa mtoa huduma wa pesa kwa namba iliyo kwenye kadi au kwenye hati zake, usiipige ile iliyo kwenye meseji. Kisha badilisha nywila ya barua pepe kutoka kifaa kingine, uondoe vifaa vyote vilivyoingia, na uangalie kama kuna anwani ngeni imewekwa ya kupelekewa barua zake. Na usimgombeze. Aliyegombezwa mara moja, mara ya pili atakaa kimya hadi pesa iishe.

“Jana nilijua, leo sijui”

Mara nyingi programu imesasishwa usiku na kitufe kimehama au kimebadilika rangi. Mzee alikariri mahali, hakukariri maana. Linganisha na simu yako, mpeleke kitufe kilipo, andika hatua upya kwenye daftari kwa maneno yake mwenyewe. Lakini kama simu ni ileile na hatua ni zilezile, na kusahau kunaonekana pia kwenye dawa, jiko na njia ya kurudi nyumbani, hilo ni la daktari.

Kabla hujaondoka, mrudishie simu, nenda nje, na umngojee akuandikie. Ikija, mjibu, uone kama atakujibu bila kukuita.